Mnyama amepotea au kifaa kimenyamaza? Kutatua matatizo ya kufuatilia wanyama wa bahari wanaohama

Mtu anayefuatilia kasa, papa, jodari au nyangumi kwa kifaa cha setilaiti hamwoni mnyama mwenyewe. Anachoona ni safu za namba zinazoingia kwa vipindi, na kutokana na namba hizo anachora mstari kwenye ramani. Mstari huo ukikatika, ukiruka au ukipanda nchi kavu, wa kwanza kushukiwa huwa mnyama: amekufa, amevuliwa, au amebadili njia. Mara nyingi shaka hiyo haimstahili. Kati ya mnyama na ramani kuna kihisi, betri, antena, setilaiti, kituo cha kupokelea data, programu ya kuchakata na mtu aliyejaza mipangilio, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibika na alama yake kinayoiacha katika data.

Ushauri wangu ni kuanza upande wetu, yaani kwenye mipangilio na saa, kabla ya kumfikia mnyama. Kosa la upande wetu ndilo rahisi kuthibitishwa, na kwa kawaida ndilo pekee linaloweza kurekebishwa baada ya mnyama kuingia baharini. Pia ni vyema kufungua data ghafi na kuiacha ramani kando kwa muda, kwa kuwa ramani imekwisha kuchujwa na huenda imefuta dalili ile ile inayotafutwa.

Kifaa hakijasikika tangu mnyama aachiliwe

Vifaa vingi vya aina hii hutegemea mfumo wa Argos, ulioanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Kifaa hutuma ujumbe mfupi usiofikia sekunde moja, kwa masafa ya takriban megahezi 401.65, na setilaiti zinazozunguka kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine huupokea zikiwa juu ya upeo wa macho. Setilaiti moja huonekana kwa dakika 10 hivi, kisha huzama. Kwa kuwa njia zao zote hukutana karibu na ncha, mnyama aliye maeneo ya ncha hupitiwa mara nyingi kwa siku, ilhali aliye karibu na ikweta hupitiwa mara chache, na kati ya pito moja na jingine kunaweza kuwa na kimya ambacho si hitilafu hata kidogo.

Hapo ndipo sababu ya kwanza hujificha. Ili kuokoa betri, kifaa hupangiwa saa za kutuma na saa za kupumzika, na saa hizo husomwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa isiyofuata saa za mahali. Aliyejaza mipangilio kwa saa za mahali alipo amesogeza dirisha lote la kutuma, pengine hadi kwenye saa ambazo hakuna setilaiti inayopita. Kifaa ni kizima na mnyama ni mzima, lakini hawasikiki kwa sababu wanazungumza wakati hakuna anayesikiliza. Linganisha ratiba ya kifaa na ratiba ya kupita kwa setilaiti juu ya eneo husika. Ikiwa hazikutani, tatizo limepatikana.

Sababu ya pili ni ya aibu zaidi. Vifaa vingi huzimwa kwa sumaku wakati wa kusafirishwa, na sumaku iliyosahauliwa au kuondolewa vibaya huacha kifaa kimelala mgongoni mwa mnyama. Kinga yake ni kukiweka kifaa mahali pa wazi kwa siku nzima kabla ya kukifunga, na kuhakikisha kwamba ujumbe umefika katika akaunti kwa namba sahihi ya utambulisho. Kifaa kilichojaribiwa ndani ya jengo hakijajaribiwa.

Baada ya hayo ndipo tabia ya mnyama iulizwe. Papa aliyefungwa kifaa kwenye pezi la mgongoni huweza kukaa wiki nzima bila kulitokeza pezi hilo juu ya maji, na mawimbi ya redio ya masafa hayo hayapenyi maji ya chumvi. Kimya chake ni taarifa kuhusu maisha yake, na haifai kuhesabiwa kama kifo.

Ujumbe ulikuwa mwingi, kisha umepungua

Hili ndilo tatizo linalohitaji subira kuliko yote, kwa sababu chanzo chake kinaweza kuwa kimojawapo kati ya vinne ambavyo kwenye ramani hufanana kabisa: betri, antena, swichi ya maji chumvi, au mnyama aliyebadili mwenendo.

Swichi ya maji chumvi inastahili kuelezwa kwa undani. Ni vituo viwili vidogo vya metali vilivyo juu ya kifaa. Kifaa kikiwa majini, mkondo mdogo wa umeme hupita kutoka kituo kimoja hadi kingine kupitia maji ya chumvi. Mnyama akiibuka, njia hiyo hukatika, nacho kifaa hujua kwamba kipo hewani na hutuma. Sasa fikiria kasa aliyekaa miezi sita katika maji ya vuguvugu. Utando wa mwani umeota juu ya kifaa, na juu ya mwani wamejigandisha viumbe wadogo wenye magamba, wale wanaoonekana kwenye miamba na chini ya mashua. Kasa anaibuka kupumua kwa sekunde chache, lakini mwani bado umelowa na mkondo bado unapita. Kifaa kinaamini kwamba kingali chini ya maji, hivyo hakitumi. Kinyume chake pia hutokea: vituo vikifunikwa na gundi au rangi ya kuzuia viumbe, mkondo haupiti kamwe, kifaa huamini kwamba kipo hewani mchana na usiku, nacho hutuma ndani ya maji hadi betri iishe. Kwa sababu hiyo rangi ya kuzuia viumbe, ambayo nyingi huwa na shaba, hupakwa mwili mzima wa kifaa lakini haipakwi juu ya vituo hivyo.

Namna ya kutenganisha vyanzo hivi imo ndani ya ujumbe wenyewe. Vifaa vingi hutuma mara kwa mara taarifa ya hali yao, ikiwamo volti ya betri na hesabu ya mara kilizotuma tangu kuwashwa. Hesabu ikipanda kwa kasi huku ujumbe unaopokelewa ukiwa kidogo, kifaa kinatuma lakini hakisikiki: shuku swichi iliyokwama upande wa hewani, au antena iliyovunjika. Hesabu ikisimama karibu mahali pamoja, kifaa hakijaribu kutuma: shuku swichi iliyokwama upande wa majini, au mnyama asiyeibuka. Volti ikishuka hatua kwa hatua wakati hesabu inapanda kwa mwendo wa kawaida, betri inafika mwisho wake. Angalia tu usidanganywe na volti inayoshuka kwa siku chache na kupanda tena, kwani maji baridi hupunguza volti ya betri nzima.

Antena iliyovunjika hutambulika kwa namna mabadiliko yanavyokuja. Mwani huota polepole, kwa hiyo upungufu wake ni mteremko wa wiki nyingi. Antena huvunjika siku moja, kasa anapojisugua chini ya mwamba au dume linapompanda jike, na nguvu ya mawimbi yanayopokelewa huanguka siku hiyo hiyo. Mteremko na ngazi ni vitu viwili tofauti, na grafu ya idadi ya ujumbe kwa siku huonyesha tofauti hiyo kwa mtazamo mmoja.

Jambo moja la kuongeza kabla ya kufunga shauri hili ni kelele za redio. Eneo la bahari ya Mediterania linajulikana kuwa na kelele nyingi katika masafa yanayotumiwa na Argos, na mnyama anayeingia huko anaweza kupungukiwa ujumbe bila kifaa chake kuwa na dosari yoyote.

Nukta zinaruka

Argos haimpimi mnyama mahali alipo moja kwa moja. Hupima jinsi masafa ya ujumbe yanavyobadilika setilaiti inapokaribia na kuondoka, yaani athari ya Doppler, kisha hukokotoa mahali panapolingana na mabadiliko hayo. Hesabu hiyo daima hutoa majibu mawili, moja kila upande wa njia ya setilaiti, na mfumo hulazimika kuchagua. Ukichagua vibaya, nukta moja huonekana mamia ya kilomita kutoka kwenye mstari, kisha inayofuata hurudi mahali pake. Kabla ya kuifuta nukta ya namna hiyo, tazama jibu la pili katika data ghafi. Mara nyingi utalikuta limekaa juu ya mstari kabisa.

Kila nukta huja na daraja la ubora. Daraja la 3 lina kosa linalokadiriwa kuwa chini ya mita 250, la 2 ni kati ya mita 250 na 500, la 1 ni kati ya mita 500 na 1,500, na 0 ni zaidi ya hapo. Madaraja hayo ya namba huhitaji ujumbe nne au zaidi; daraja A na B hutokana na ujumbe tatu na mbili, wala hayapewi makadirio ya kosa katika hesabu ya zamani. Mnyama anayeibuka kwa sekunde chache hawezi kutoa ujumbe nne katika pito moja, kwa hiyo safari nyingi za kasa zimejaa A na B, na anayezitupa zote hubaki na nukta tatu za mwezi mzima. Nionavyo, kutupa daraja A kwa sababu tu limekuja baada ya 0 katika orodha ni makosa, kwa kuwa vipimo vilivyofanywa kwa kulinganisha na GPS vimeonyesha mara kadhaa kuwa A huwa sahihi kuliko 0. Tangu mwaka 2011 mfumo hutoa pia hesabu ya kichujio cha Kalman, inayokadiria kila nukta kwa kuzingatia zilizotangulia, pamoja na duaradufu ya kosa, yaani umbo la yai linaloonyesha eneo ambamo mnyama huenda yumo, na inafaa kuiingiza duaradufu hiyo katika modeli ya njia badala ya kutegemea herufi pekee.

Kichujio cha kasi hutumika sana, na kwa kasa kikomo cha kilomita 5 kwa saa ni cha kawaida, lakini kina mtego wake. Chukua nukta mbili zilizopishana kwa dakika 2, kila moja ikiwa na kosa la mita 400 kuelekea upande wake. Hata kama kasa hakusogea, umbali kati ya nukta hizo ni mita 800, na kasi inayokokotolewa ni kilomita 24 kwa saa. Programu hufuta nukta nzuri kwa kosa la saa kuwa karibu mno. Unganisha kwanza nukta zilizopishana kwa dakika chache, ndipo uchuje.

Miruko mingine haitoki angani, inatoka mezani. Mstari mnyoofu unaokata ramani yote kutoka mashariki hadi magharibi katika Pasifiki si safari ya mnyama: ni longitudo iliyovuka 180 na kugeuka hasi, na dawa yake ni kuzihesabu longitudo zote kutoka 0 hadi 360. Njia inayorukaruka miezi kwa miezi kuanzia tarehe 1 hadi 12 na kutulia kuanzia tarehe 13 ni dalili ya siku na mwezi kubadilishana nafasi katika faili.

Mnyama anatembea nchi kavu

Nukta moja ya daraja B iliyoanguka kilomita tano ndani ya bara haina maana yoyote. Kinachotakiwa kushtua ni mkusanyiko: ujumbe umeongezeka ghafla, madaraja ya 2 na 3 yaliyokuwa adimu sasa ni ya kawaida, na joto linalosomwa linapanda mchana na kushuka usiku kama la hewa. Yote matatu yakija pamoja, kifaa kimetoka majini na kinaiona anga muda wote. Kasa jike anayetaga hutoa dalili zinazokaribiana na hizo, lakini zake hudumu saa chache, aghalabu usiku, na hukoma arudipo baharini. Dalili zikidumu siku nzima ufukweni, huenda kifaa kimeng'oka na kusukumwa pwani na mawimbi. Zikianza baharini kwa mwendo mnyoofu wa kasi kuelekea bandarini, kisha zikatulia mahali pamoja penye nyumba, mnyama au kifaa chake kimesafiri kwa chombo cha uvuvi. Hapo usahihi wa nukta ni mkubwa kuliko wakati wowote wa safari, na anayetumwa kukitafuta aende kwa adabu, kwa kuwa mvuvi anayeogopa kushtakiwa hukitupa kifaa pamoja na data zote zilizomo.

Kifaa cha kujifyatua kimeibuka kabla ya siku yake

Kwa samaki wasioibuka hutumika kifaa kinachohifadhi kina, joto na mwanga, kisha siku iliyopangwa huipitishia umeme pini yake hadi ilike na kukatika, kikaelea na kutuma muhtasari wa kilichohifadhi. Kikijifyatua mapema, grafu ya kina ndiyo inayosema. Kina kikikaa sifuri huku joto likifuata jua, kifaa kiling'oka na kuelea: hakikushika vizuri mwilini au pini iliharibika. Kina kikishuka moja kwa moja hadi sakafu ya bahari na kutulia, samaki amekufa au kifaa kimeng'oka pamoja na kitu kizito. Kikipita mita 1,800 hivi, vifaa vingi hujikata vyenyewe ili visipondwe na shinikizo, na mteremko wa namna hiyo usiosita kwa kawaida ni wa samaki mfu anayezama.

Kuna sura ya tatu, nayo hupitwa kirahisi. Papa jike wa spishi ya Lamna nasus, aliyekuwa na mimba, alifungwa kifaa karibu na Cape Cod, Marekani, mwezi Oktoba 2020. Baada ya siku 158 kifaa kilianza kutuma kutoka kusini magharibi mwa Bermuda. Data zake zilionyesha kwamba kwa siku nne za mwisho kina kiliendelea kupanda na kushuka kati ya mita 150 na 600, lakini joto lilibaki karibu nyuzi 22 za Selsiasi bila kujali kina. Maji ya bahari hayafanyi hivyo. Kifaa kilikuwa tumboni mwa mwindaji mwingine, na mtu aliyetazama kina peke yake angeandika kwamba papa alikuwa akiogelea salama. Kihisi cha mwanga huthibitisha jambo hilo hilo, kwa kuwa tumboni ni giza hata adhuhuri.

Kifaa kilichoibuka lakini kinatuma kidogo huenda hakielei wima. Kipande cha nyama au uzi mzito uliobaki kwenye pini hukilaza, nayo antena hulala majini. Hakuna la kufanya kwa mbali, ila kukifuata kwa chombo kama gharama inaruhusu: kumbukumbu kamili imo ndani, na muhtasari uliotumwa ni sehemu yake ndogo.

Wala mwisho wa kifaa usiandikwe kuwa mwisho wa safari. Kifaa cha Nicole, papa mweupe aliyefungwa Afrika Kusini mwezi Novemba 2003, kilijifyatua karibu na Australia siku 99 baadaye. Agosti 2004 alipigwa picha akiwa amerudi Afrika Kusini, akatambuliwa kwa makato ya pezi lake.

Latitudo zimepotea, longitudo ni nzima

Mahali pa samaki mwenye kifaa cha mwanga hukokotolewa kwa kufuata jua: adhuhuri hutoa longitudo, urefu wa mchana hutoa latitudo. Dakika 4 za saa ni digrii moja ya longitudo, yaani kilomita 111 hivi kwenye ikweta, hivyo saa ya kifaa inayokwenda mbele au nyuma husogeza njia yote taratibu upande mmoja. Latitudo ni dhaifu zaidi. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba mchana huwa na urefu karibu sawa duniani kote, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hesabu haina cha kushika, na nukta hutawanyika kaskazini na kusini kwa maelfu ya kilomita. Hakuna kichujio kitakachoirudisha taarifa ambayo haikuwapo. Tumia joto la uso wa bahari lililopimwa na kifaa kulilinganisha na la setilaiti, au uache pengo.

Nje ya majira hayo, mshuku mnyama anayepiga mbizi alfajiri. Akizama sawasawa asubuhi na jioni, mchana unaonekana mfupi na latitudo peke yake inakosewa. Akizama asubuhi tu, na kuchelewesha alfajiri ya kifaa kwa dakika 20, adhuhuri nayo husogea kwa dakika 10, na longitudo hukosewa kwa digrii 2.5. Kwa hiyo longitudo zikianza kuyumba pamoja na latitudo, tazama kina cha alfajiri kabla ya kulaumu saa.

Kipokezi cha sauti kimesikia asiyekuwapo

Vifaa vya sauti, ambavyo hutuma msimbo kwa mlio hadi kwenye vipokezi vilivyowekwa majini, vingi vikiwa vya kilohezi 69, husikika kwa mamia machache ya mita tu. Misimbo ya vifaa viwili ikigongana huweza kuzaa msimbo wa tatu wa mnyama asiyekuwapo, hivyo tukio la pekee ndani ya saa 24 lisiaminiwe bila ushahidi mwingine. Msimbo unaosikika mfululizo mchana na usiku kwa wiki nyingi kwa kawaida ni kifaa kilichodondoka karibu na kipokezi. Ukimya wa usiku peke yake haumaanishi mnyama ameondoka: kwenye miamba ya matumbawe kamba wanaogonganisha makucha huongeza kelele usiku, na umbali wa kusikika hupungua.

Ramani ya makazi inaonyesha mahali pasipo makazi

Dalili ya kawaida ni doa jekundu kubwa pale pale wanyama walipofungwa vifaa. Kila safari huanzia hapo, na siku za kwanza vifaa ni vipya, safi na vyenye betri kamili, hivyo nukta za mahali hapo ni nyingi kuliko za mahali pengine popote. Doa hilo linapima uwepo wetu kuliko uwepo wa mnyama. Ondoa siku za mwanzo, gawa nukta kwa vipindi sawa vya muda, na umpe kila mnyama uzito kulingana na idadi ya wanyama waliokuwa bado wakisikika siku hiyo.

Upotofu mwingine hutokana na namna mnyama anavyosikika. Kasa anayelala chini ya maji hutuma kidogo, na anayesafiri karibu na uso hutuma sana. Ramani ya nukta ghafi hukuza njia ya safari na kufifisha malisho na malazi. Vivyo hivyo, jodari anayewinda katika mita 300 hapaswi kuelezwa kwa joto la uso wa bahari peke yake wakati kifaa chake kimepima joto la pale alipokuwa. Na kama kihisi cha kina kinasoma mita 4 mnyama akiwa juu ya maji, ondoa mita hizo 4 katika rekodi nzima kabla ya kuhesabu muda aliokaa kila tabaka, la sivyo utamkuta mnyama anayepumua hewa ambaye hajawahi kuibuka.